Mwenye bastola, fanya mazoezi: risasi yako ikikosa, itanipata mimi

Wacha nikuulize swali kabla hujahamia kwa video nyingine. Umekaa kwenye kibanda cha chipsi mtaani kwenu, saa mbili usiku. Pikipiki inasimama, wanashuka vijana wawili, mmoja ana panga. Kwenye meza ya kona kuna mzee wa heshima, mwenye leseni, na bastola iko kiunoni. Ungependa aitoe?

Najua jibu lako. Wengi wetu tungesema ndiyo bila hata kumeza mate. Mimi pia ningesema hivyo, hadi Jumamosi moja niliposhinda kwenye uwanja wa kulenga shabaha nikimrekodi anko wangu kwa simu. Siku hizi swali hilo nalijibu kwa swali: huyo mzee alifanya mazoezi lini mara ya mwisho?

Nikwambie mapema, mimi sina bunduki. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na sasa natafuta unga kwa kuandika na kupiga picha. Bei ya bastola moja inaweza kunilipia kodi ya keja kwa muda mrefu sana. Kwa hivyo una haki ya kuuliza, mambo ya wenye leseni yananihusu nini? Yananihusu kwa sababu sina. Mwenye bunduki husimama mbele ya shabaha. Sisi wengine, tunaokula chipsi na kungoja matatu, ndio tunaokaa nyuma yake.

Sasa nikupe kisa chenyewe.

Anko ana duka la vifaa vya ujenzi. Miaka michache iliyopita alivamiwa akifunga, wakachukua mauzo ya siku nzima na kumwachia kovu kwenye paji la uso. Baada ya hapo akaanza safari ya leseni. Usidhani ni kama sinema za Marekani, ambako katiba yao inakutambulia haki ya kumiliki silaha. Hapa Kenya bunduki ni ruhusa, si haki. Inatolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Bunduki inaweza kukunyang'anya ikiona huistahili. Mwishoni mwa 2018 serikali hata iliagiza wenye leseni wote wapigwe msasa upya, kwa sababu kulikuwa na wengi waliokuwa wakizitoa kwa vilabu na kwa ugomvi wa barabarani kana kwamba ni funguo za gari.

Anko alipita hayo yote. Rekodi yake safi, sababu yake inaeleweka. Siku ya kujaribiwa akapiga risasi zake chache, akafaulu, akarudi nyumbani mtu mzima kabisa. Kisha bastola ikaingia kwenye sefu. Ilikuwa ikitoka tu akipeleka pesa benki. Miaka miwili hakufyatua hata risasi moja. Ukimuuliza anakujibu, "Wewe kijana, hii kitu ni kama kuendesha baiskeli. Huwezi ukasahau."

Mwaka jana nilikuwa nikiishi kwake kwa muda, mambo yalipokuwa magumu. Usiku mmoja nilichelewa kurudi, simu imezima chaji, na lango limefungwa. Nikafanya kile kila kijana wa Nairobi amewahi kufanya: nikaruka ukuta. Niliposhuka upande wa pili nikaangusha ndoo. Mlango wa jikoni ukafunguka, na kabla sijasema neno nikaona mkono wa anko umenyooshwa. Taa ya nje ilikuwa nyuma yangu. Alichoona yeye ni kivuli. Nilichoona mimi ni tundu dogo jeusi, linatetemeka.

Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Pengine sekunde mbili. Nilipopata sauti nikasema, "Anko, ni mimi." Akashusha mkono. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, na hakuongea hadi asubuhi. Baadaye aliniambia kitu ambacho bado kinaniamsha usiku: kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio, na hakumbuki kukiweka hapo.

Shangazi ndiye aliyetoa hukumu. "Ama uende ukafundishwe hiyo kitu vizuri, ama uirudishe." Ndipo tukaishia uwanjani, anko na bastola yake, mimi na simu yangu, na mwalimu mmoja mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu pale anamwita Afande.

Nilikuwa nimejiandaa kwa moshi na kelele. Saa nzima ya kwanza hakukuwa na mlio hata mmoja. Afande alianza na kanuni nne, zile zile ambazo ulimwengu wa bastola uliachiwa na Mmarekani Jeff Cooper, mtu aliyebadilisha jinsi silaha ndogo inavyofundishwa. Ya kwanza: kila bunduki ichukulie kwamba ina risasi. Ya pili: usielekeze mdomo wake kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Ya tatu: kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga na umeamua kupiga. Ya nne: ijue shabaha yako, na ujue kilicho nyuma yake.

Alipomaliza nilimtazama anko. Anko alikuwa anatazama viatu vyake. Usiku ule wa ndoo alikuwa amevunja kanuni ya pili, ya tatu na ya nne, zote kwa mpigo, na aliyekuwa mbele ya bastola ni mtoto wa dada yake.

Kisha zoezi la kwanza. Afande alichukua magazini ya anko akaijaza mwenyewe, amegeuka, tusione. Ndani alichanganya risasi za kweli na risasi bandia zisizolipuka. Umbali ni mita saba tu, kama kutoka kaunta ya duka hadi mlangoni. Anko akapiga ya kwanza: pa! Ya pili: pa! Ya tatu ikawa bandia. Hakuna mlipuko, kwa hivyo bastola ilipaswa kutulia. Haikutulia. Mdomo wake ulizama chini kama kichwa cha abiria anayesinzia kwenye matatu.

Nilimwonyesha video kwa mwendo wa polepole. Kabla ya kila risasi alikuwa anafumba macho na kusukuma mkono chini, akiuogopa mshindo ambao haujaja. Ndiyo maana matundu yake yote yalikuwa chini upande wa kushoto, mengine nje kabisa ya kadibodi. Miaka miwili mtu huyu alikuwa anatembea kati yetu akiamini anajua kulenga. Dawa ya hofu hiyo si ujasiri, alisema Afande. Dawa yake ni kurudia: finya kifyatulio polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma, mara mia, mara elfu, mpaka mwili uchoke kuogopa.

Zoezi la pili lilinihusu mimi. Mwaka wa 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika makala akijibu swali moja rahisi: mtu mwenye kisu akiwa mbali kiasi gani ndipo awe hatari kwa mwenye bastola? Aligundua kwamba mtu wa kawaida anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ndio muda ambao mtu aliyefunzwa anahitaji kuchomoa bastola na kupiga shabaha. Kumbuka, mtu aliyefunzwa.

Afande alitusimamisha mgongo kwa mgongo. Anko alitazama kadibodi, mimi nikatazama upande wa pili kabisa, kuelekea maegesho, salama nyuma ya mstari. Kipima muda kikilia, mimi nitimue mbio na yeye achomoe. Nikisikia mlio wa risasi nisimame hapo hapo, tupime nimefika wapi.

Kikalia. Nikakimbia. Mimi si mwanariadha, chakula changu ni chapati na maharagwe ya kibandani. Nilipita mita sita, nikapita kumi, nikafika karibu na gari la mtu, ndipo nikasikia pa! Nikageuka. Koti la anko lilikuwa limenasa kwenye bastola, alikuwa amelivuta kwa mkono mmoja huku mwingine ukihangaika. Risasi yenyewe iliingia kwenye tuta la udongo, kadibodi haikuguswa.

Afande hakucheka. Alisema tu, "Mzee, huyu kijana angekuwa na panga, amekufikia, amemaliza, na ameshaondoka."

Hebu rudi kwenye kile kibanda cha chipsi. Kati ya meza ya kona na mlango kuna mita ngapi? Tatu? Nne? Somo la Tueller si kwamba ukiona mtu yuko ndani ya mita saba basi umpige, ingawa kuna watu wanalisoma hivyo. Somo ni kwamba bastola si uchawi. Kwa umbali huo, aliyefunzwa anafundishwa kusogea kwanza, aweke meza au gari katikati, atafute njia ya kutoka. Tulitumia karibu saa nzima kwenye jambo hilo moja, kupiga hatua ya pembeni wakati wa kuchomoa. Anko mwenye tumbo lake alitoka jasho kama mtu wa mkokoteni.

Alasiri zikaja kadibodi nyingi kwa pamoja. Hapo tulifanya zoezi linaloitwa Mozambique: mbili kifuani, kisha moja kichwani kama mtu bado anakuja. Jina hilo ni la kwetu Afrika. Linatokana na tukio la wakati wa vita vya uhuru wa Msumbiji, la mamluki mmoja aliyekutana na mpiganaji wa karibu sana, na hadithi yake ikamfikia Cooper, akaifanya somo. Nakiri lilinisumbua. Ni zoezi la kuua, hakuna namna ya kulipamba. Lakini nilichokiona kwa vitendo ni kitu kingine. Kati ya risasi ya pili na ya tatu kuna pumzi. Afande alisisitiza pumzi hiyo kuliko risasi zenyewe. "Tazama. Bado ni hatari? Kama ameanguka, kama amekimbia, kama ametupa panga, umemaliza. Ukiendelea hapo hujilindi tena, unaua."

Hiyo ndiyo sheria pia. Nguvu unayotumia kujitetea lazima ilingane na hatari iliyo mbele yako. Mwizi anayekimbia na simu yako hakupi ruhusa ya kumpiga mgongoni, hata kama ni simu mpya na bado unalipa mkopo wake.

Kisha Afande akaweka kadibodi iliyochorwa mikono mitupu. Huyu ni raia. Alimsimamisha nusu mbele ya "jambazi", kama vile mambo huwa mtaani, ambapo hakuna mtu anayekusogelea peke yake kwenye uwanja mtupu. Katika mashindano ya IDPA, mchezo wa bastola za kujilinda ulioanza Marekani mwaka wa 1996 na ambao siku hizi hufanyika hata hapa kwetu Kirigiti, Kiambu, ukimpiga raia huyo unaongezewa adhabu ya sekunde 5. Anko alimpiga raia mara mbili katika raundi ya kwanza.

Sekunde kumi za adhabu. Nilizihesabu huku nikirekodi, na nikafikiria lile tundu jeusi la jikoni. Mtaani hakuna sekunde za adhabu. Kuna matanga.

Usinichukulie kama natia chumvi. New York, Agosti 24 mwaka wa 2012, polisi wawili walikabiliana na muuaji karibu na jengo la Empire State. Walipiga risasi 16. Muuaji alikufa, lakini wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Hao ni maafisa wanaolipwa na kufunzwa. Utafiti wa shirika la RAND kuhusu polisi wa mji huo ulionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006, katika mapambano ya kurushiana risasi, asilimia 18 tu ya risasi zao ndizo zilifika zilipokusudiwa. Sasa piga hesabu ya mzee ambaye bastola yake inalala kwenye sefu.

Najua utaniambia, "Na Westgate je?" Hoja nzuri. Septemba 21, 2013, watu 67 walipouawa pale, miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni, na bastola zao ndogo dhidi ya bunduki za kivita. Kuna watu wako hai leo kwa sababu yao, na sitawahi kuwadharau. Lakini waangalie vizuri katika picha za siku ile. Vidole nje ya kifyatulio, midomo ya bastola imeelekezwa chini, wanasogea wakilindana. Watu hawakupata tabia hiyo asubuhi ile. Walikuja nayo. Westgate haipingi hoja yangu, inaibeba.

Utaniambia pia kwamba wengi wa kizazi chetu waliokufa kwa risasi hawakupigwa na wenye maduka. Kweli. Na si kila risasi inayotuua imekosa shabaha, nyingine zililengwa vizuri sana. Hiyo haitibiwi na mazoezi, inatibiwa na mahakama. Naomba tusichanganye vidonda viwili, ingawa vyote vinauma.

Hoja ya tatu ndiyo anko mwenyewe alinitolea tukirudi nyumbani: mazoezi ni ghali. Risasi ni pesa, uwanja ni pesa, mwalimu ni pesa, na viwanja vyenyewe vinahesabika. Nakubali. Lakini mtu aliyeweza kununua bastola na kupita mlolongo wote wa leseni asiniambie amekosa ya risasi mara chache kwa mwaka. Zaidi ya hapo, kazi kubwa zaidi haina gharama. Afande alimpa anko kazi ya nyumbani: bastola tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine kabisa, mbele ni ukuta imara, dakika kumi kila jioni. Kuchomoa polepole. Kufinya kifyatulio bila kutikisa. Kuondoa koti njiani. Anayesema hana dakika kumi, basi hana muda wa kubeba bastola pia.

Ninachotaka ni nini basi? Mambo mawili tu.

Moja, leseni isiwe kama cheti changu ambacho ningepata chuo kama ningebaki. Nimeona wanafunzi wenzangu wakikariri usiku, wakifaulu asubuhi na kusahau jioni. Cheti kipo, kazi hakuna. Kwa kazi ya ofisi tunaweza kuvumilia. Kwa bastola hatuwezi. Mtu akija kufanya upya leseni yake, asilipe ada tu na kupigiwa muhuri. Apelekwe uwanjani. Achomoe, apige, na muhimu kuliko yote, aonyeshe anaweza kumwona yule raia wa mikono mitupu na kumwacha. Akishindwa, silaha ibaki kwa polisi hadi ajifunze. Rubani huwa anarudi kupimwa kila mara. Sioni kwa nini mwenye bastola asirudi.

Mbili, na hili ni lako wewe unayesoma: uliza. Una mzazi, mjomba, bosi au rafiki anayebeba? Muulize bila kuona haya, umefanya mazoezi lini? Najua kwa mila zetu si rahisi kumhoji mkubwa. Mimi sikumuuliza anko kwa miaka miwili, nikiona ni utovu wa adabu. Adabu hiyo nusura inizike. Na ukiwa kilabuni umwone msee ameinua shati ili manzi wa meza ya pili aone kilicho kiunoni, usimpigie makofi. Lipa bili yako, chukua marafiki zako, ondokeni. Anayeonyesha bastola yake amekuambia tayari kwamba hajui ni kitu gani.

Anko bado anayo yake. Anaenda uwanjani mara moja kwa mwezi, na mara ya mwisho nilipomrekodi, risasi sita zote zilikuwa kwenye duara la ukubwa wa sahani, na raia wa kadibodi akarudi nyumbani mzima. Lakini badiliko kubwa si hilo. Afande alimfundisha zoezi moja la nyumbani ambalo halina hata bastola ndani yake: kelele ikisikika, watu wote wakusanyike chumba kimoja, mlango ufungwe, simu ipigwe, taa za nje ziwashwe, na mtu aulize kwa sauti.

Majuzi nilienda kuwatembelea, nikafika usiku, foleni ya Thika Road ilikuwa imenikalia. Safari hii sikuruka ukuta. Nikagonga lango. Taa zikawaka zote, uwanja mzima ukawa mchana, na sauti nzito ikatoka ndani.

"Nani?"

"Ni mimi, Anko."

Kimya kidogo, kisha nikasikia funguo.